Shujaa wa tanzia za enzi ya Elizabeth: ana dosari, au amekosa tu?

Msomaji wa Usiku

Wanajukwaa, salaam. Ninasoma fasihi chuoni, mwaka wa pili, na muhula huu tunashughulikia tamthilia za Kiingereza zilizoandikwa wakati wa utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, yaani kati ya 1558 na 1603. Tumepewa tamthilia tatu: Doctor Faustus ya Christopher Marlowe, pamoja na Julius Caesar na Hamlet za William Shakespeare. Swali la insha linatutaka tueleze dosari ya shujaa wa tanzia katika kila moja, kwa maelezo kwamba shujaa wa namna hii ni mtu mkubwa, mwenye sifa nyingi njema, ambaye huangushwa na dosari moja ya tabia yake.

Kwa Faustus sikupata tabu. Nimeandika kuwa dosari yake ni tamaa ya elimu isiyo na mpaka, iliyomfanya aiuze roho yake kwa miaka 24 ya kutumikiwa na pepo Mephistophilis. Nilipofika kwa Hamlet kalamu ikagoma. Miongozo yote niliyoipata inasema dosari yake ni kusitasita, lakini huyu anayesitasita anamchoma Polonius, mshauri wa mfalme, upanga nyuma ya pazia bila hata kutazama ni nani, anawapeleka wenzake wawili wa utotoni wakauawe Uingereza kwa barua aliyoighushi, na meli yao inapovamiwa na maharamia ndiye anayerukia chombo cha maadui peke yake. Mtu mwenye kusitasita hafanyi hayo. Katika Julius Caesar shida yangu ni kubwa zaidi, kwa sababu sina hakika hata shujaa ni nani. Tamthilia imepewa jina la Caesar, naye anauawa tukiwa bado katikati. Anayebaki hadi mwisho ni Brutus, na kinachomponza Brutus, kwa ninavyosoma mimi, ni uadilifu wake. Ikiwa uadilifu nao ni dosari, basi sielewi tena neno dosari lina maana gani.

Naomba mnisaidie. Je, ni mimi nisiyesoma vizuri, au ni kanuni yenyewe isiyotosha?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, husomi vibaya hata kidogo. Kilichokukwamisha ni neno, na neno hilo halikuanza na wewe.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika kitabu chake kuhusu utunzi, alisema kuwa mtu anayefaa kwa tanzia si mwema kupita kiasi wala si mwovu, bali ni yule aangukaye kwa sababu ya hamartia. Kitenzi cha neno hilo kwa Kigiriki kilitumika hata kwa mrusha mkuki aliyelenga shabaha akaikosa. Hapa sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii, kwani lugha yetu inafanya jambo lile lile: mwindaji hukosa ndege, mtoto naye humkosea mzazi wake, na yote mawili tunayasema kwa kitenzi kimoja. Ukiita jambo hili dosari, unaweka ubaya ndani ya mtu, kama ufa ulio kwenye mtungi tangu ulipotoka kwa mfinyanzi. Ukiliita kosa, unaliweka katika tendo, baina ya mkono na shabaha, mahali ambapo hata mtu mwenye nia njema na jicho zuri anaweza kukosa. Mazoea ya kuanzia kwenye tabia ya mhusika na kuitafutia sifa moja inayomuua yalienea sana kutokana na mihadhara ya mhakiki A. C. Bradley iliyochapishwa 1904. Bradley mwenyewe alikuwa msomaji makini kuliko miongozo iliyomfuata, ambayo ilibakiza orodha tu: Hamlet kusitasita, Othello wivu, Macbeth tamaa ya cheo.

Jambo la pili ni kwamba waandishi wa enzi hiyo hawakuketi na Aristotle mezani. Jina lake lilijulikana kwa wasomi, lakini walichokikariri shuleni kwa Kilatini ni Seneca, Mrumi mwenye mizuka, visasi na hotuba ndefu, ambaye tanzia zake kumi zilitolewa pamoja kwa Kiingereza 1581. Kando yake palikuwa na visa vya kuanguka kwa wakuu, vilivyokusanywa katika kitabu maarufu cha 1559, ambamo mizuka ya watawala waliokufa inasimulia jinsi gurudumu la Bahati lilivyowapandisha na kuwashusha. Humo wako walioanguka kwa dhambi zao, na wako walioanguka kwa sababu gurudumu limegeuka tu, basi. Tazama Gorboduc, tanzia ya kwanza ya Kiingereza iliyoandikwa kwa mistari yenye mizani bila vina, iliyochezwa mbele ya Elizabeth mwenyewe Januari 1562. Mfalme anagawa nchi kwa wanawe wawili angali hai. Watoto wanauana, mama anamuua aliyebaki, wananchi wanawaua wazazi, na nchi inabaki bila mrithi. Ukiniuliza dosari ya Gorboduc ni ipi, sina jibu. Ukiniuliza kosa lake, nitakuonyesha onyesho lenyewe.

Sasa rudi kwa Brutus. Shujaa ni yeye, usiwe na shaka. Jina la Caesar lipo juu ya jalada kwa sababu nguvu yake haifi pamoja na mwili, na ndiyo maana mzuka wake unamjia Brutus hemani na kumwambia watakutana Philippi, mahali pa vita. Lakini anayechagua ni Brutus, na mara tatu anachagua vibaya huku Cassius, mwenzake katika njama ya kumuua Caesar, akimwonya. Cassius anataka Antony, rafiki wa Caesar, auawe pamoja naye. Brutus anakataa, kwa kuwa hataki waonekane wachinjaji. Cassius anataka Antony asiruhusiwe kuhutubia mazishini. Brutus anamruhusu, tena anamwachia azungumze wa mwisho, yeye mwenyewe akiwa ameshaondoka. Cassius anataka wawasubiri maadui walipo ili wachoke kwa safari. Brutus anaamuru waende Philippi. Katika kila uamuzi sababu yake ni ya heshima, na katika kila uamuzi anaikosa shabaha, kwa kuwa anawapima watu wengine kwa kipimo chake mwenyewe. Uadilifu wake si dosari, mwanangu. Ni upinde mzuri ulioelekezwa mahali pasipo na windo.

Kalamu ya Pwani

Mwalimu, shikamoo. Nimefurahishwa sana na hoja ya kukosa na kukosea, na nitaiiba bila aibu. Hata hivyo sitaki dosari ifukuzwe nyumbani mapema namna hiyo, kwa sababu Hamlet mwenyewe ameitetea.

Katika sehemu ya kwanza, onyesho la nne, Hamlet na rafiki yake Horatio wako juu ya ngome usiku wa baridi, na kutoka chini wanasikia mizinga ikipigwa kila mfalme anapokunywa kikombe. Hamlet anasema desturi hiyo ya ulevi inawaharibia Wadenmaki jina lao lote mbele ya mataifa, kisha anapanua wazo: hutokea pia kwa mtu mmoja mmoja kwamba akizaliwa na baka moja tu, au tabia moja iliyokomaa kupita kiasi, basi fadhila zake zote, hata zikiwa safi kiasi gani, machoni pa watu zitaharibika kwa sababu ya hiyo kasoro moja. Kanuni aliyopewa Msomaji wa Usiku iko pale pale, tena kwa kinywa cha mhusika wa tanzia mwenyewe, dakika chache kabla ya mzuka wa baba yake kutokea. Sitaficha kwamba hotuba hiyo imo katika chapa ya 1604 na haimo katika mkusanyo mkubwa wa tamthilia za Shakespeare wa 1623. Wako wanaodhani Shakespeare aliikata mwenyewe kwa sababu ilieleza mno. Hata ikiwa hivyo, mtu aliyeandika mistari ile alikuwa analijua wazo la dosari bila kumsubiri Bradley.

Sasa Faustus, ambaye ndugu yetu anasema hakumpa tabu. Nadhani angepaswa kumpa tabu kuliko wote. Ukisema dosari yake ni tamaa ya elimu, nitakuuliza: anajifunza nini katika miaka ile 24? Mwanzo wa tamthilia yumo chumbani mwake Wittenberg, mtoto wa wazazi wa hali ya chini aliyepanda hadi udaktari wa theolojia, akivipitia vitabu vyake kimoja kimoja na kuvitupa: mantiki, utabibu, sheria, mwisho Biblia. Anaifungua penye Waraka kwa Warumi, anasoma kwamba mshahara wa dhambi ni mauti, na hapo hapo anaifunga. Kila aliyepita katekisimu anajua kwamba sentensi haijaisha, kwa kuwa mstari ule ule unaendelea na karama ya uzima wa milele. Anaigeukia barua ya kwanza ya Yohana, anasoma kwamba tukisema hatuna dhambi tunajidanganya, na tena anaacha mstari unaofuata, wenye ahadi ya msamaha kwa wanaoungama. Kisha anajenga hoja ya maisha yake yote juu ya nusu mbili. Huyu si mwenye kiu ya elimu. Ni msomi mvivu anayenukuu bila kugeuza ukurasa, na Marlowe, mtoto wa fundi viatu wa Canterbury aliyefika Cambridge kwa ufadhili wa masomo, bila shaka aliwaona wengi wa aina hiyo.

Baada ya kutia sahihi kwa damu, damu yenyewe ikiwa imeganda mara ya kwanza kana kwamba inamkataza, anamuuliza Mephistophilis kuhusu mizunguko ya sayari, na majibu anayopewa ni yale ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hata mtumishi wake Wagner angeyajua. Anapouliza nani aliumba dunia, hapewi jibu. Basi anatumia uwezo ule kumpiga Papa kofi bila kuonekana, kumletea mke wa Mtawala wa Vanholt zabibu wakati wa baridi, na kumtapeli mchuuzi wa farasi. Wengine husema sehemu hizi za katikati ni dhaifu, au ziliandikwa na mkono mwingine. Huenda, ila mimi nikizisoma naona adhabu yake imekwisha kuanza: amenunua dunia nzima, na hajui aifanyie nini.

Kwa hiyo kwa Faustus dosari ipo, na ni moja, na inaonekana tangu ukurasa wa kwanza. Lakini hapa Marlowe anatutega, nami sijaweza kuutegua mtego huu. Tamthilia hii imetufikia kwa chapa mbili zinazotofautiana, ya 1604 na ya 1616, zote baada ya Marlowe kuuawa kwa kisu huko Deptford tarehe 30 Mei 1593, akiwa na miaka 29. Malaika Mwema anamwambia Faustus kwamba hajachelewa. Chapa ya kwanza inasema hajachelewa kama anaweza kutubu. Ya pili inasema hajachelewa kama atataka kutubu. Neno moja tu. Katika Uingereza ambayo Kanisa lake lilikuwa limeandika fundisho la kuteuliwa kimbele, yaani kwamba Mungu amekwisha kuwachagua tangu mwanzo watakaookoka, katika ibara zake 39 za imani za 1571, neno hilo moja ndilo linaloamua kama tunamtazama mtu aliyekataa mlango au mtu aliyefungiwa mlango. Ikiwa hawezi, dosari yake ni ya nani?

Mkutubi

Ndugu zangu, nichomeke jambo fupi la tarehe kabla mjadala haujaenda mbali. Mwalimu ametaja Othello na Macbeth kwa kupita tu, lakini wanafunzi wengi huziweka katika insha za enzi ya Elizabeth na kupoteza alama. Malkia alifariki Machi 1603. Rekodi ya mwanzo tuliyo nayo ya Othello kuchezwa ikulu ni ya Novemba 1604. King Lear ilichezwa Whitehall tarehe 26 Desemba 1606, na Macbeth ni ya miaka hiyo hiyo. Zote hizo ni za enzi ya mfalme James aliyemrithi. Hamlet ndiyo inayosimama mlangoni: iliandikwa karibu na 1600, lakini chapa yake ya kwanza, iliyovurugika sana, ilitoka 1603.

Tofauti hiyo si ya kalenda tu. Julius Caesar ilionekana jukwaani Septemba 1599, na tunajua kwa sababu mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliitazama tarehe 21 akaiandika katika kumbukumbu zake. Mwezi huo Elizabeth alitimiza miaka 66, hana mtoto, na kumtaja mrithi hadharani kulikuwa na hatari. Mwaka 1570 Papa alikuwa ameshatangaza kwamba raia wa Elizabeth hawawajibiki kumtii malkia wao. Swali la Brutus, yaani kama ni halali kumuua mtawala kwa jambo ambalo bado hajalitenda, halikuwa la Roma ya kale kwa watu waliolipa peni moja kusimama uwanjani. Na Februari 1601 wafuasi wa Earl wa Essex walilipia tamthilia ya kupinduliwa kwa Richard wa Pili ichezwe siku moja kabla ya uasi wao. Uasi ulishindwa, na Essex akakatwa kichwa mwezi huo huo.

Karani wa Mahakama

Nimefuatilia kimya kimya hadi nikashindwa kunyamaza, kwa sababu mnazungumza juu ya mashujaa hawa kana kwamba kila mmoja yuko peke yake na moyo wake. Mimi nimekaa miaka mingi nikiandika mienendo ya kesi, na ninachokiona katika tanzia hizi ni watu waliokwenda kutafuta haki wakakuta dirisha limefungwa. Mtu hamfikirii Hamlet vizuri bila kuanza na Hieronimo.

Hieronimo ni mhusika mkuu wa The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd, iliyoandikwa yapata 1587, ambayo kwa miaka mingi ilipendwa kuliko karibu tamthilia nyingine yoyote ya London. Yeye ni hakimu wa makao ya mfalme wa Hispania. Usiku mmoja anasikia kelele bustanini, anatoka na nguo za kulalia, anakuta mtu ametundikwa kwenye mti. Anaikata kamba ndipo anatambua kuwa ni mwanawe Horatio. Muuaji ni Lorenzo, mtoto wa ndugu wa mfalme, pamoja na mwanamfalme wa Ureno. Hieronimo hakimbilii upanga. Anataka ushahidi kwanza, na barua iliyoandikwa kwa damu inapomwangukia anaiogopa, kwa kudhani ni mtego. Anapoupata uthibitisho anakwenda kwa mfalme kulia haki, na Lorenzo, aliyesimama karibu na kiti cha enzi, anamzuia hadi aonekane mwendawazimu. Katikati ya hayo anaendelea na kazi yake: anahukumu kesi za watu wengine, tena analalamika kwamba anawatibu wenzake kwa dawa ambayo yeye mwenyewe haipati. Mzee mmoja anamletea maombi juu ya mwanawe aliyeuawa, na Hieronimo anayararua makaratasi kwa meno, kwa kuwa ameiona sura yake mwenyewe katika sura ya yule mzee. Sijui onyesho jingine la enzi ile linaloniumiza kama hilo.

Kabla ya hapo alikuwa amesimama peke yake na kitabu mkononi. Anaanza kwa maneno ya Maandiko, kwamba kisasi ni cha Bwana naye atalipa, na kwa muda anaonekana kukubali kungoja. Kisha anasoma mistari ya Seneca, na Seneca anamwambia kwamba njia salama ya uovu ni uovu mwingine. Mwalimu amesema waandishi hawa walikariri Seneca shuleni. Hapa mnaona kitabu chenyewe kimeingizwa jukwaani, na mhusika anakifuata hadi kinamuua. Mwishoni anatunga tamthilia ya kuburudisha ikulu, anawapa wauaji nafasi za kuigiza, na mauaji yanayofanyika mbele ya wafalme wanaoshangilia ni ya kweli. Dosari yake ni ipi? Alikuwa baba, alikuwa hakimu, na sheria aliyoitumikia haikumtambua. Francis Bacon, ambaye naye alikuwa mwanasheria, alikuja kuandika 1625 kwamba kisasi ni aina ya haki ya mwituni. Maneno hayo yanapendwa sana, lakini Bacon hakumwambia mtu aende wapi pale haki ya mjini inapokataa kufungua faili.

Sasa Hamlet. Mnasema anasitasita. Mimi nasema anafanya ambalo mpelelezi yeyote angetakiwa kufanya. Shahidi wake pekee ni mzuka wa baba yake, unaodai kwamba aliuawa na ndugu yake Claudius, mfalme wa sasa, na mzuka huo unasema unatoka mahali ambapo dhambi zake zinatakaswa kwa moto, yaani toharani. Lakini Kanisa la Uingereza lilikuwa limekwisha kuikana toharani katika ibara zile zile 39 ambazo Kalamu ya Pwani amezitaja. Kwa Mprotestanti wa London, kitu kinachojidai kutoka mahali pasipokuwepo kinaweza kuwa ibilisi katika sura ya marehemu, na Hamlet, ambaye naye amesoma Wittenberg, mji wa Luther, analisema hilo waziwazi. Ndiyo sababu anaweka mchezo ndani ya mchezo, ili amtazame Claudius usoni. Huo ni ushahidi wa pili, na ameutafuta kwa halali.

Pale ninapomwachia Kalamu ya Pwani dosari yake ni katika onyesho linalofuata. Claudius amepiga magoti, yuko peke yake, hana mlinzi. Hamlet ana upanga na sasa ana hakika. Anauweka alani, si kwa huruma, bali kwa sababu mtu akiuawa akisali atakwenda mbinguni, naye anataka aende motoni. Amekwisha kutoka katika kutafuta haki na ameingia katika kutaka kutawala hukumu ya Mungu. Na mwandishi anatuonyesha kitu ambacho Hamlet hakioni: Claudius anainuka na kusema kwamba maneno yake yamepaa, mawazo yake yamebaki chini. Sala haikuwa sala. Hamlet angempiga wakati ule angepata yote aliyoyataka. Mwalimu, hapo ndipo kukosa shabaha kwako kunaponikaa vizuri kabisa, maana dakika chache baadaye anapiga tena, kwa haraka safari hii, kupitia pazia, na anayekufa ni Polonius.

Msomaji wa Usiku

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo yangu imechelewa, naomba radhi. Nimefuta insha yote isipokuwa jina langu. Nitaanza na tofauti ya dosari na kosa, kisha nimweke Faustus upande mmoja kwa hoja ya zile nusu mbili za mistari, na Hamlet upande wa pili kwa hoja ya mzuka na sala. Nimeanza pia kuisoma The Spanish Tragedy ingawa haimo katika orodha yetu, na nimeelewa kwa nini Karani amekasirika.

Bado Brutus ananisumbua. Usiku wa jana nilikuwa naisoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere, toleo lake la 1969, sambamba na Kiingereza, nikafika pale Brutus yuko bustanini kwake kabla ya alfajiri. Mwalimu Mstaafu umesema makosa yake matatu yanatokana na kuwapima wengine kwa kipimo chake. Lakini yote matatu yanakuja baada ya kukubali kuua. Je, huko kukubali kwenyewe kuko wapi? Nimelitafuta onyesho ambamo Brutus anaamua, na sikuliona. Anapotokea bustanini tayari ameamua.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo nilikuwa nangoja aulize mtu mwenye umri wangu.

Hulioni onyesho hilo kwa sababu halipo, na kutokuwepo kwake ndiko jibu. Sikiliza mpangilio wa hotuba ile ya bustanini. Maneno ya kwanza ni kwamba lazima iwe kwa kifo chake. Hiyo ni hukumu, nayo imetangulia ushahidi wote. Baada ya hapo anasema kwamba yeye binafsi hana ugomvi na Caesar, bali ni kwa ajili ya umma. Kisha anakiri, kwa uaminifu ambao ni wa kwake kweli, kwamba hajawahi kuona hisia za Caesar zikiishinda akili yake. Kwa hiyo mashtaka hayapo. Karani ananielewa: hakimu ameshasoma hukumu, anageuka kutafuta kosa la mshtakiwa, na faili ni tupu. Ndipo anaposema kwamba kwa kuwa jinsi Caesar alivyo sasa hakuhalalishi tendo hili, basi hoja itengenezwe namna nyingine, na anamfananisha na yai la nyoka ambalo halijaanguliwa.

Msikilizaji wa 1599 alisimama mchana kweupe, hatua chache kutoka kwa mwigizaji, kwenye jukwaa lililojitokeza hadi katikati ya watu, na mtu aliyekuwa anafikiri peke yake alifikiri akiwatazama wao. Hapakuwa na giza la kujifichia. Brutus anawaomba wale watu wakubaliane naye, na anayetengenezewa hoja bustanini pale si Cassius wala Caesar, ni Brutus mwenyewe, na pamoja naye wote waliosimama uwanjani.

Ukirudi kwenye maandishi, weka penseli chini ya kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza ni kile cha uwezekano, ambacho sisi tungekisema kwa "huenda" au kwa "-weza": Caesar akipewa taji anaweza kugeuka, anaweza kuuma, basi, kwa kuwa anaweza, azuiwe. Sentensi yote ya kumuua mtu imesimama juu ya kitenzi hicho, na Brutus, msomi na mwenye kusoma kitabu hata usiku vita vikiwa vimekaribia, anapita juu yake mara mbili bila kukiona. Anza insha yako hapo.